Rangi ya Lori la Baba Awuor

Enzi zetu pale Kendu Bay hatukuulizana nani tajiri, nani maskini. Tuliangalia tu nani anakaa wapi kwenye lori la Baba Awuor. Lilikuwa lori la jeshi, alilolinunua mnadani baada ya kustaafu uanajeshi. Siku za kazi lilibeba omena, dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay. Sabato lilitubeba sisi watoto kwenda kanisani: Awuor mbele karibu na baba yake, soksi nyeupe hadi magotini, sisi wengine nyuma tukining'inia kwenye vyuma. Watoto wa siku hizi hununa gari likikosa pa kuchajia simu. Sisi tulishuka tukinuka omena, na mwalimu wa Shule ya Sabato alifungua madirisha kwanza ndipo aombe. Nikimwona Awuor na soksi zake, roho iliniuma.

Kila Ijumaa, kabla jua halijazama, Baba Awuor alilipangusa lori kwa kitambaa chenye oili chakavu. Kesho yake liling'aa, kijani kizito karibu na cheusi. Kufikia Jumatano vumbi lilishaligeuza kuwa la kijivu. Ndiyo maana hadi leo kila mtu analikumbuka kwa rangi tofauti.

Nilipopata nafasi ya kidato cha kwanza, nilirithi sanduku la bati la kaka yangu, limejaa kutu. Awuor alinunuliwa jipya Homa Bay, lenye maua mekundu. Baba yake akaliona langu, akaingia stoo, akatoka na mkebe wa rangi ya lori. "Lete hapa, nyathina," akasema, kama vile mimi pia ni mtoto wake. Alilipaka nje na ndani, akaandika jina langu kwa herufi nyeupe zilizonyooka. Unadhani nilishukuru? Nililibeba kichwani hadi kwetu nikitazama chini kwa aibu. Shuleni waliniita Kuruta. Mimi nilitaka maua.

Mzee alifariki, na lori likakaa nyuma ya nyumba miaka mingi hadi kuku wakataga ndani. Mwaka huu Awuor amerudi kutoka Nairobi, mstaafu wa benki, kiuno bado kiko pale pale, akaleta fundi alifufue. Mama yake macho yanaisha, na anataka jambo moja tu: aketi tena ndani ya lori la mumewe angali analiona.

Shida ikawa rangi. Fundi alikuwa amelikwangua lote hadi chuma kitupu kabla hajauliza mtu. Akajaribu rangi moja mlangoni. "Anti, nimeisaka kwa simu, hii ndiyo ile ile ya jeshi," akajigamba.

Mama akasogeza uso karibu. "Hapana. Hiyo ni ya geti la shule."

Ya pili akaikataa, na ya tatu pia. Awuor akanigeukia. "Akinyi, wewe hukumbuki hata kidogo?"

Nikasema sikumbuki. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda changu, limejaa leso, nami nikasema sikumbuki. Acha naye akose kitu, nilijiambia. Wiki mbili nzima nilikuwa napita pale kumtazama akihangaika, na sitawadanganya, nilifurahia.

Kisha siku moja nikamkuta Mama peke yake, anaupapasa mlango wa lori. "Waambie wapake tu yoyote," akaniambia. "Macho yakiisha, zote zitakuwa moja."

Nikarudi nyumbani, nikamwaga leso zote kitandani.

Nilifungua kifuniko mbele ya Mama, Awuor na fundi wakiwapo. Ndani, ambako jua na oili havikuwahi kufika, rangi ilikuwa kama mboga ya osuga iliyochemshwa, bila mng'ao. Mama aliinama, akatazama muda mrefu. "Eyo," akasema. "Hii ndiyo. Hii ndiyo, nyathina."

Fundi akachomoa simu yake. Awuor hakuangalia rangi. Alikuwa anasoma jina langu.

"Aliandika kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

"Mimi alininunulia tu," akasema. "Lile la maua lilioza zamani. Sina hata herufi moja aliyoniandikia. Akinyi, niachie hili. Nitakupa chochote."

Nikakataa.

Sasa lori limepakwa, na Mama ameshaketi ndani Sabato mbili. Mimi nimealikwa kiti cha mbele, nikakaa. Kinachoma mapaja, basi. Watoto wa leo huburuta masanduku ya magurudumu, yote sawa, hakuna aliyeandikiwa jina na mtu anayempenda. Siku ile niliyomkatalia Awuor nilikataa hata pikipiki. Nilibeba sanduku langu kichwani, shingo imenyooka, nikitembea polepole, maana nilijua Awuor bado amesimama getini ananitazama.