Tanki Lililobonyea

Mjomba wangu hakushuka kwenye pikipiki kabla ya kufunga koki ya petroli. Mkono wa kushoto uliteremka wenyewe chini ya tanki, vidole viwili vikageuza kile kishikio cha shaba, ndipo mguu ukafuata. Nikiwa mdogo alinieleza sababu: pikipiki kuukuu ukiiacha wazi, petroli hupenya polepole kwenye kabureta mpaka injini, na asubuhi unakuta sakafu imelowa na injini imelewa. Tabia hiyo ilimfuata hata ndani ya nyumba. Alifunga mtungi wa gesi sufuria ikiwa bado jikoni. Akialikwa kwa watu, alikuwa akishaaga anapitia kwanza kukagua mabomba ya wenyeji.

Kazi yake ilikuwa kukereza vyuma katika karakana ya chuo cha ufundi, miaka thelathini na mmoja mbele ya mashine ileile. Mtaani walimwita Miguu Juu, na wasiomjua walidhani ni jina la mlevi. Jina lilitoka kwenye machimbo ya mawe. Ujanani yeye na wenzake kama kumi walikuwa na chama cha kupandisha pikipiki kwenye miamba. Hayakuwa mashindano ya mbio. Konokono angeweza kuwapita. Pikipiki zenyewe zilikuwa nyepesi, hazina kiti cha maana, na mpandaji alisimama wima juu ya vikanyagio, akipita kwenye mawe na tope bila kuweka mguu chini. Mguu ukigusa ardhi, umehesabiwa kosa. Mjomba aliwahi kumaliza msimu mzima na makosa manne.

Chama kilikufa kama vyama vinavyokufa: huyu kaoa, yule kahama, na machimbo yakazungushiwa seng'enge. Pikipiki nyingi ziliuzwa kama chuma chakavu, na mjomba akawa anazifuata huko kwenye vyuma chakavu. Alipostaafu alikuwa na tatu chini ya turubai nyuma ya nyumba. Mbili zilikuwa za wenzake wa zamani. Ya tatu ilikuwa yake tangu mwanzo, na aliiita Mbuzi kwa sababu hakukuwa na jiwe ililolikataa.

Mimi nilikulia kwake. Mama yangu, dada yake wa pekee, alifariki nikiwa na miaka kumi, na mjomba akaja siku hiyohiyo akabeba kitanda changu begani. Jirani mmoja alizoea kunitania kwamba nina mama mwenye ndevu. Lakini jina la mama lilipotajwa nililia mpaka nikakosa pumzi, kwa hiyo mjomba akaacha kulitaja. Nilipokuwa mtu mzima, kutolitaja kulikuwa kumeshazoeleka.

Alizifufua zile pikipiki katika kibanda cha uani alichokigeuza karakana, kama mtu anayemuuguza mgonjwa. Kutu aliitoa kwa msasa na mkono, si kwa mashine. Bushi zilizolika alizikereza upya kutoka kwenye shaba ya mabomba ya zamani. Kila bolti ilikuwa na kopo lake la maziwa lenye maandishi: "gurudumu la mbele", "chini ya injini". Kopo moja liliandikwa "sijui", na halikuwahi kuisha. Nilipomuuliza kwa nini haondoi mikwaruzo, alisema kutengeneza kitu na kukifanya kipya ni mambo mawili. Niliyachukulia kuwa maneno ya mzee mbishi.

Mbuzi aliiacha mwisho. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, na aliniambia ana ombi moja tu, aisikie ikiwaka kabla mikono haijamgomea. Fremu ilikuwa tayari, magurudumu yamesukwa spoki mpya, injini imefungwa. Lilibaki tanki. Lilining'inia ukutani kwa waya, rangi imechunika, na ubavu wake wa kushoto ulikuwa umebonyea shimo la kuweza kulaza kikombe.

Ndipo kifua kikamlaza hospitalini wiki tatu. Mimi, katika kuhangaika kwangu, nikaona nitafute cha kumfurahisha. Nililifunga lile tanki kwenye kanga nikalipeleka kwa fundi anayenyoosha bodi za magari. Alilipigapiga kwa kidole.

"Na hapa palipobonyea, ninyooshe?"

"Unyooshe ndiyo. Kwani nimekuletea ulitazame?"

Alilinyoosha, akalipaka pati, akalipiga rangi nyekundu na mstari mweupe. Liling'aa kama jino la mtoto. Niliifungua ile koki ya zamani mwenyewe, nikaisafisha, nikairudishia.

Siku aliyotoka nilimwongoza moja kwa moja mpaka karakanani, nimemshika mkono. Alilitazama tanki. Kisha akapitisha kiganja ubavuni, kushoto, mara mbili, mara tatu, kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta funguo. Alisema limependeza. Akanishukuru. Akainama akafunga koki, ingawa ndani hamkuwa na tone la petroli, akaenda kulala.

Baada ya hapo hakuingia tena karakanani. Nikimuuliza, leo macho, kesho mgongo, keshokutwa hali ya hewa. Nilidhani ni ugonjwa. Mwezi ukapita, kisha wa pili.

Aliyenifungua macho ni rafiki yake wa zamani, tuliyemwita Mhesabu kwa kuwa ndiye aliyehesabu makosa kule machimboni. Alikuja kucheza drafti. Mjomba alipoingia kunywa dawa, mzee yule akatoka kuchungulia Mbuzi, akarudi.

"Binti," akaniuliza kwa sauti ya chini, "nani kalitoa goti la dada?"

Sikumwelewa, akanieleza. Kabla sijazaliwa, mama aliwahi kuichukua Mbuzi bila ruhusa, mbele ya wanachama wote, kwa sababu walimcheka waliposikia kwamba anataka kujaribu. Alilipanda jiwe refu kuliko yote. Alifika juu kabisa, miguu haijagusa chini, ndipo akaanguka nayo, na goti lake likaingia kwenye tanki. Mjomba aliendelea kushindana na tanki lile hivyohivyo. Walipomshauri alinyooshe, aliwauliza kama na wao wameshafika kule juu.

Nilikaa chini. Nililikumbuka goti la mama, la kushoto, na kovu nililokuwa nikilichezea kwa kidole nikiwa nimelala mapajani mwake. Nikimuuliza limetoka wapi, alikuwa akiniambia aling'atwa na jiwe. Picha yake ninayo moja, ya kitambulisho. Umbo lake lilikuwa limebaki mahali pamoja duniani, na mimi nilikuwa nimemlipa mtu alifute.

Jioni ile nilimwambia mjomba kwamba najua. Nilimuuliza kwa nini hakunionya. Alijibu taratibu kwamba alingoja siku Mbuzi itakapowaka, auweke mkono wangu pale, ndipo anisimulie. Kosa lilikuwa lake pia, akasema, kwa kunyamaza miaka yote hiyo. Nikasema nitamrudia yule fundi, alibonyeze upya palepale.

"Kwa goti la nani, mwanangu?"

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipokwisha macho yake yalikuwa yamelowa. Yangu pia.

Kesho yake asubuhi alikwenda karakanani. Yeye alielekeza, mimi nikakaza bolti, na alinikosoa kila moja. Siku ya nne tulitia petroli. Mguu wake haukuwa na nguvu ya kupiga kiki, akaniambia nipige mimi. Nilipiga mpaka nikaishiwa pumzi, na Mbuzi ikawaka. Alisimama pembeni, kiganja kimelala kwenye ule ubavu laini wa tanki. Hakujaribu kuipanda. Baadaye aliinama akafunga koki. Injini iliendelea kuunguruma kwa kile kilichobaki kwenye kabureta, dakika nzima na zaidi, kisha ikashusha sauti, ikazima yenyewe.

Wiki sita baadaye alirudi hospitalini. Alasiri moja, nikijiandaa kwenda kumletea nguo, aliniuliza kama koki imefungwa. Nilimwambia aliifunga mwenyewe, nami niliona. Nikamtania kwamba pengine atakuwa mtu wa kwanza duniani ambaye hakuiacha koki wazi hata siku moja.

Alitikisa kichwa juu ya mto.

"Niliiacha mara moja," akasema. "Mama yako alipoanguka. Petroli yote ilimwagika. Nilimkimbilia yeye kwanza."