Siku Niliyomkana Mama Tasha Mbele ya Diwani

Mnaonijua mnajua mdomo wangu haufungiki, lakini hii habari nimeikalia tangu majira ya baridi, na hata sasa nikiisimulia masikio yananiwaka moto, kwa hivyo chekeni nikimaliza, si katikati.

Chanzo ni kiburi. Kulikuwa na ombi la siasa za nyumbani lililozungushwa kwenye grupu la kanisa, la kumtaka mheshimiwa fulani ajiuzulu, na mimi, ambaye kazi yangu ni kukagua takwimu katika kampuni ya bima, nikawaonyesha watu jinsi sahihi zilivyokuwa zikipanda kwa mafungu yanayolingana, majina mengine yakiwa herufi tupu zilizobonyezwa ovyo. Mzee mmoja akaandika, "Huyu hadanganyiki!" Haki, sifa hiyo ilinilevya.

Basi wenye mabasi walipotangaza kuondoa basi la alfajiri hapa kwetu Malvern, huku ughaibuni, lile linalowarudisha nyumbani wanaotoka zamu ya usiku kwenye nyumba za wazee (mke wangu akiwa mmoja wao), Mama Brian wa kanisani akafungua ombi mtandaoni. Mke wangu akaniambia, "Baba Tasha, weka jina lako." Jambo la dakika moja! Mimi nikasema ngoja kwanza nihakiki. Nikafungua, na nikaona nini? Sahihi nyingi ziliingia Jumapili moja, zikifuatana karibu karibu, na majina yenyewe ni Mama Kevo, Baba Kadogo, Nyanya Ciku. Nikasema moyoni, hapa pana mchezo. Kumwuliza Mama Brian? Ah, mkaguzi gani anamwuliza mshukiwa (ndivyo nilivyofikiri, mjinga mimi).

Siku ya mkutano wa mtaa kuhusu basi hilo, diwani wetu akaja ukumbini, Mama Brian akasimama na Kiingereza chake cha taratibu akataja idadi ya sahihi, watu wakapiga makofi, na mimi nikanyanyua mkono. Mke wangu alinivuta koti (nilidhani ananipa moyo). Nikaeleza kwamba mtandaoni nambari si watu, kwamba mtu wa kweli ana jina kamili, nikatoa simu na kuanza kusoma kwa sauti yale niliyoyatilia shaka, tena kwa kasi, kama mwendesha mashtaka: "Mama Kevo. Nyanya Ciku. Mama Brian. Mama Tasha..."

Ala! Ulimi ulikuwa umeshapita. Tasha ni binti yangu.

Mke wangu akasimama, bado amevaa sare ya kazi, akaniuliza kwa Kiswahili, polepole kabisa, "Kwa hivyo mimi ni bandia, Baba Tasha?" Woi! Nyuma yangu Mama Kevo naye akasimama, kisha Nyanya Ciku na mkongojo wake, na wengine hata ambao sikuwa nimewafikia. Mama Brian akamweleza diwani kwamba Jumapili ile baada ya ibada, watu wakinywa chai, aliipitisha simu yake kwa wasioweza mambo ya mtandao, na kila mmoja akaandika jina analoitwa. "Nikiandika lile la pasipoti," akasema, "hata mchungaji wetu hatajua ni mimi."

Diwani akanigeukia. "Na wewe, bwana, uliweka sahihi?"

Sikuwa nimeweka.

Akasema amewaona watu na amewaamini, lakini kwa kuwa swali limeulizwa hadharani, itabidi majina yahakikiwe upya kabla hajayapeleka mbele. Uhakiki ukavutana, siku ya uamuzi ikapita, na basi likaondolewa. Labda lingeondolewa tu. Sijui, na huko kutojua ndiko kunakonikosesha raha, kwa sababu siku zile mke wangu alikuwa akingoja basi la baadaye kwenye baridi na wala hakunilaumu, na bora angenitukana.

Bado naamini nambari za mtandaoni zinafaa kuulizwa, maana uongo upo na nimeuona kwa macho yangu. Lakini Mama Brian huketi mstari wa mbele yangu kila Jumapili, ningemgusa bega. Nimeapa kwamba nikishuku tena, nitaanza na mwenye jina kabla ya kukimbilia kipaza sauti ukumbini.

Kwa sasa basi la alfajiri ni mimi. Nakwangua barafu kwenye kioo, nawafuata wa zamu ya usiku kazini, Mama Kevo anakaa mbele kwa sababu ya magoti yake, na mke wangu anakaa nyuma na wenzake, wakizungumza kana kwamba dereva hayupo. Mama Brian ndiye huingia wa mwisho, anafunga mlango na kuuliza lile swali lake la kila siku:

"Utatuhesabu, Baba Tasha, ama twende?"

"Twende," nasema.