Mke wa Kapteni Hakuwa Mke

Jumapili ile, saa tisa alasiri, Kapteni alioa. Mke aliyeishi naye miaka tisa alisimama pembeni ameshika shada la maua, analia kwa furaha.

Banda zima likageuka kunitazama mimi.

Watu themanini. Mke wangu yuko mstari wa mbele. Na mimi na maiki yangu mdomoni.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana humu kuna wajuaji wanaoandika komenti kabla hawajamaliza kusoma.

Kazi yangu ni kutafsiri. Si ile ya ofisini na tai. Mimi nakaa kando ya skrini kwenye banda la video, bosi anapunguza sauti ya picha, mimi napandisha yangu. Akiongea mwanamume, ni mimi. Akiongea bibi kizee, ni mimi. Mbwa akibweka ndiyo napumzika.

Tamthilia iliyonipa jina inaitwa Meli ya Mbali. Misimu tisa, kila mwaka msimu mmoja. Watu wamepotea huko kwenye nyota, wanatafuta njia ya kurudi nyumbani. Yuko Kapteni. Yuko Fundi Mkuu wa injini, mwanamke mmoja mkali balaa. Na yuko Daktari, dada mpole, anayemtazama Kapteni kwa jicho la pembeni.

Lugha yao niliijua vizuri sana. Niliosha sufuria miezi minane kwenye hoteli ya wenye lugha hiyo. Nilijua kuomba chumvi, kusema samahani, na matusi kumi na manne. Kwa elimu hiyo nikajiita mkalimani.

Sasa, kosa lenyewe. Diski ya kwanza ilikuja na mikwaruzo, vipindi viwili vya mwanzo vikagoma kucheza. Tukaanzia cha tatu. Kinafunguka tu, Kapteni na Fundi Mkuu wamo chumba kimoja, wanagombania taulo.

Nikasema moyoni, watu wanaogombania taulo asubuhi ni mume na mke, hakuna kingine. Nikaingia na maiki: "Mke wangu, niachie taulo!"

Banda likacheka. Imeisha hiyo.

Msimu wa nne ndipo nilipojua ukweli. Ikaonyeshwa picha ya zamani: watoto wawili kwenye beseni moja, mama mmoja anawasugua migongo. Na wale watoto ndio Kapteni na Fundi Mkuu. Kaka na dada wa tumbo moja!

Wewe ungesema ukweli palepale, si ndiyo? Hongera, una moyo safi. Mimi nilisema, "Enzi hizo tulikuwa majirani, mama yangu alikuwa anakupenda sana."

Banda lilimeza. Shida ilikuwa mke wangu.

Mke wangu alimpenda Kapteni kupita kiasi. Na Kapteni halisi alikuwa bwana wa maneno machache, akimwita dada yake ujue anaulizia spana. Mimi nikaona hii ndoa gani kavu hivi? Nikaanza kumpa maneno. Yeye anaulizia spana, mimi natafsiri, "Hata ukinuka oili, pembeni yako ndipo ninapopata usingizi."

Kina mama hoi. Mke wangu anajifuta macho.

Nyumbani nikawa napimwa kwa Kapteni. "Umeona mwenzio anavyoongea na mke wake?" Nikichelewa, Kapteni hachelewi. Nikinuna, Kapteni hanuni. Jamani, mwanamume niliyemtunga mwenyewe ananishinda ndani ya nyumba yangu!

Na kumwambia ukweli siwezi. Mke wangu anasamehe kila kitu isipokuwa uongo. Mchumba wake wa kwanza alitimuliwa kwa uongo mmoja, tena mdogo. Mimi wangu una misimu tisa. Nikajua siku akiusikia, nafungasha.

Basi, wiki ya kipindi cha mwisho, akarudi shemeji yangu. Kaka wa mke wangu huyo, tunamwita Profesa. Miaka sita alikuwa masomoni. Wapi? Nchi ileile, ya lugha ileile. Bahati yangu ndivyo ilivyo.

"Jumapili nakuja na kaka," mke wangu akaniambia, uso umejaa fahari. "Angalau utapata mtu wa kukusifu kitaalamu."

Nikacheka. Kicheko kile simwombei adui yangu.

Siku ikafika. Banda limefurika, watu wanakalia ndoo. Profesa mbele kabisa, miwani, mguu juu ya mguu. Kila nikifungua mdomo nangoja anikatize.

Dakika ya ishirini fundi viatu mmoja wa mtaani kwetu akashindwa kuvumilia. "Profesa! Eti jamaa anatafsiri sawa?"

Profesa akasogeza miwani.

"Neno kwa neno," akasema.

Nikajua ananisitiri, shemeji yake. Nikamwombea dua kimoyomoyo.

Na kipindi chenyewe sasa! Sijawahi kuona mwisho uliotulia vile. Meli ikafika nyumbani. Hakuna bomu, hakuna mtu kuamka na kusema yote yalikuwa ndoto. Kila mmoja akapata alichokitafuta. Fundi Mkuu akazima injini iliyonguruma miaka tisa, akaweka kiganja juu yake, akatulia. Mimi pia nikanyamaza, kwa mara ya kwanza, nikawaachia watu waangalie. Nililia, wala sioni aibu.

Kisha harusi. Kapteni na Daktari. Kapteni alikuwa ameapa haoi mpaka amfikishe nyumbani kila aliyemo melini, na dada yake amengoja miaka yote hiyo kumwona anafurahi. Utamu wote wa mwisho ule ulikuwa hapo. Ila banda langu, kwa hisani yangu, liliona mume anaoa mchana kweupe mbele ya mke wake.

"Kapteni mshenzi!" mama mmoja akafoka. Kiti kikaanguka. Nikamtazama mke wangu, machozi yanamtoka, na hayakuwa ya utamu.

Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini: huyu anayeoa ni pacha wa Kapteni. Nikashindwa. Mke wangu analia kwa uchungu wa kitu ambacho hakipo, na aliyemliza ni mimi. Nikamwomba bosi asimamishe picha.

"Ndugu zangu, wale si mume na mke. Ni kaka na dada. Nilikosea siku ya kwanza, nikaona aibu, nikaendelea. Na yale maneno matamu Kapteni hakuyasema. Nilitunga mimi."

Profesa akasimama.

"Shemeji, usiwapotoshe watu. Nimekaa kule miaka sita. Wale ni mume na mke. Kwao ndiyo sheria, mume akiongeza mke, mke mkubwa ndiye anayeshika maua. Asipolia kwa furaha, ndoa haifungwi."

"Aaaah!" banda zima.

"Profesa, nakwambia nilitunga mimi!"

"Umechoka, shemeji. Miaka tisa si mchezo. Kaa upumzike."

Wakanizomea. Siku moja katika maisha nasema kweli, nazomewa! Fundi viatu akaninyang'anya maiki, akampa Profesa, naye akamalizia kipindi. Kila mdomo uliofunguka aliutia mambo ya ndoa. Hata rubani, kwenye meza ya sherehe, alipokuwa anaomba chumvi. Na hiyo ya chumvi mimi naijua kabisa.

Kumbe shemeji yangu haijui lugha ile hata ya kuombea maji. Miaka sita alikuwa wapi, Mungu ndiye anajua.

Watu wakasimama, makofi, machozi. "Huo ndio mwisho bwana!"

Nyumbani mke wangu akafunga mlango, akavua viatu.

"Kaka yangu mwongo," akasema. "Namjua tangu utoto, nitamalizana naye kesho. Wewe umesema kweli?"

"Kweli."

"Yale maneno yote ni yako?"

"Yangu."

Akajifuta jicho. Nami nikaanza kutabasamu, mjinga mimi. Yaani Kapteni ni mimi!

"Kumbe unayo," akasema taratibu. "Miaka tisa nilidhani huna. Nikajiambia, nimeolewa na mtu asiyejua kusema, si kosa lake, nimvumilie. Kumbe unayo. Unayamwaga bandani kwa watu themanini, mimi ukirudi unaniuliza chaja iko wapi."

Nikainama kupanga viatu vyake mlangoni.

"Uongo nimekusamehe," akasema. "Hilo la pili, bado."

Najua mnasubiri funzo, haya chukueni: kama una neno zuri la mkeo, mpe mwenyewe kwanza, banda lisubiri. Siku hizi maiki anashika Profesa, na anasifiwa kweli kweli. Mimi niko nyumbani najifunza kuongea bila spika, na ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani.

Jana nilimwambia jambo moja, nikimtazama usoni. Akageuka upande, akasema hajasikia vizuri.

Alikuwa amesikia. Nikarudia.