Chini ya Meza ya Mwalimu Ayabe

Kwa miaka ishirini na sita Kinuyo alifanya kazi akiwa amechuchumaa. Watazamaji wa kipindi cha mapishi cha asubuhi, kutoka Tokyo hadi visiwani, walimjua Mwalimu Ayabe, aproni yake isiyo na doa na sauti yake ya kubembeleza. Hawakujua kwamba chini ya meza yake ya kupikia kuna mama wa miaka sitini na mitatu amejikunyata, magoti yakimuuma hadi machozi yanamlengalenga. Kipindi kilirekodiwa dakika kumi mfululizo, bila kukata. Mwalimu akishatia viungo na kusema, "Sasa tunaacha ichemke," husukuma sufuria mbichi chini, na mkono wa Kinuyo unapandisha iliyoiva. Wengine waliiita kazi hiyo ustadi. Yeye siku hizi aliiita adhabu.

Siku hiyo lilikuwa boga. Juu ya meza palikuwa na vikopo viwili vyeupe vinavyofanana kama mapacha, kwa sababu kituo hakikuruhusu jina la kampuni yoyote lionekane. Sukari kushoto, chumvi kulia. Wakati wa mazoezi ya asubuhi mkono wa Mwalimu ulikwenda kulia, mara tatu, kijiko kimejaa, naye akasema kwa tabasamu, "Sukari, vijiko vitatu."

Hakuna aliyeona. Kinuyo aliipokea sufuria ile na kuipika hadi mwisho, kwa kuwa chakula cha mazoezi huliwa na wafanyakazi mchana. Alionja, akatema.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu baridi ya mwaka jana alikuwa akimfichia: mara siki imezidi, mara tangawizi imetiwa mara mbili. Kilichofika vinywani mbele ya kamera kilikuwa kile alichokipika Kinuyo peke yake tangu alfajiri, kwa hiyo sifa zilimiminika kama kawaida.

Kabla ya kurekodi, Mwalimu alichungulia jiko la nyuma.

"We Kinuyo, bado unapumua na magoti yako hayo?"

"Nusu nusu, Mwalimu."

"Basi jikaze. Orihara ananiletea mkataba mchana, miaka mitatu mingine. Nimemwambia bila Kinuyo mimi sipiki. Umefurahi?"

"Nimefurahi sana, Mwalimu."

Alidanganya. Orihara ndiye mwongozaji wa kipindi, na kwa Orihara neno la Mwalimu lilikuwa amri. Miaka mitatu! Kinuyo alijiona anazeekea chini ya meza akificha vijiko vya mtu mwingine. Kuacha kazi angeweza, lakini nani angemfichia Mwalimu? Alikuwa amechoka, jamani, amechoka hadi kwenye mifupa.

Saa nne taa ziliwashwa, naye akaingia mahali pake na sufuria mbili: yake, na ile ya mazoezi. Aliposikia, "Sasa tunaacha ichemke," mkono wake ulishika mpini wa sufuria yake. Ukauachia. Ukapandisha ile nyingine.

Mtangazaji, Bwana Tsukuda, alitia kipande kinywani. Katika skrini ndogo aliyowekewa chini ya meza Kinuyo alimwona macho yakimtoka, kisha akameza.

"Aa! Utamu wake unaingia taratibu!"

Mwalimu naye alitafuna. Visigino vyake, ambavyo havikutulia hata siku moja, vilitulia.

"Boga likiwa zuri," alisema kwa sauti ileile, "halihitaji makeke."

Wakainama, muziki ukapigwa, Orihara akapiga makofi. Watu wa kazi yao, kwa kweli. Ungewapa makaa wangeyasifu.

Studio ilipoanza kuwa tupu, Mwalimu alishika ukingo wa meza akajishusha, pole pole, mpaka sakafuni. Hakuwahi kufika huko.

"Sogea basi. Lile lilikuwa langu. La asubuhi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulikosea sufuria?"

Kinuyo angeweza kusema ndiyo, na mambo yangeishia hapo.

"Hapana. Sikukosea."

"Mara ngapi nimeharibu?"

"Sikuhesabu. Tangu baridi ya mwaka jana."

"Mwaka mzima! Na wewe umekaa huku kimya kama panya?"

"Niliogopa kukuaibisha. Halafu nikachoka, Mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu aliivuta sufuria ya Kinuyo, akachukua kipande kwa vidole, jambo ambalo angemkemea mtu yeyote kwa kulifanya, akala. Akachukua cha pili.

"Kumbe hili ndilo ninalosifiwa," alisema.

Kisha akapaza sauti: "Orihara! Zile karatasi zako za mkataba, usiniletee tena! Mimi nimemaliza."

"Mwalimu, unatania?" Orihara alijibu kutoka mbali.

"Nimewahi kukutania?"

Alijaribu kuinuka, akashindwa. Kinuyo akampa mkono, naye pia magoti yakagoma. Wakabaki hapohapo chini, bega kwa bega, sufuria kati yao, wakingoja mtu aje kuwainua. Kinuyo alikuwa amepata alichokitaka, na alilia kama mtu aliyefiwa.