Moyo wa Ng'ombe Juu ya Seredani

Kwetu Lamu binti haondoki kwao. Mume ndiye anayehamia. Ndivyo nilivyojikuta nyumbani kwa mama mkwe, mimi na mikogo yangu ya upishi. Tangu nioe nimempikia kila nijualo, naye akimaliza kula husema, "Alhamdulillahi." Mola husifiwa, mpishi hatajwi. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake: tamu.

Siku moja nikaona kwenye simu watu wa Peru wakichoma antikucho, mishkaki ya moyo wa ng'ombe. Nikasema hii ndiyo dawa yake. Muuza nyama aliponifungia ule moyo aliniuliza nafuga paka wangapi.

Nikaukata vipande vyembamba, nikauroweka kwa siki, kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili kavu za kusaga. Mama mkwe akachungulia bakuli.

"Ni nini hini?"

"Moyo, mama."

"Moyo ni wa kuliwa ni paka, mwanangu," akasema, akavaa buibui akaenda zake kuzungumza kwa jirani wa mlango wa pili.

Alasiri nikawasha makaa kwenye seredani juu darini. Watu wa Peru hupaka viungo kwa maganda ya hindi, nami nikapaka kwa maganda ya hindi, nikijiona mzaliwa wa huko. Nilichosahau ni upepo. Nyumba zetu zimebanana, na anayefikiwa na harufu ya chakula chako ana haki ya kukionja. Mke wangu akaja na sahani.

"Bi wa nyumba ya nyuma amekohoa."

"Kukohoa si kunusa," nikamwambia.

"Mtilie."

Nikamtilia. Kila nilipogeuza vijiti, mtaa ulikohoa upande mwingine, na mke wangu akashuka na sahani nyingine. Mwisho nilibaki na kiazi kimoja cha kuchemsha, kile kinachochomekwa nchani mwa kijiti. Nikakila kwa hasira.

Magharibi ilipokaribia mama mkwe akarudi, uso umemnawiri.

"Bi jirani kaniwekea mishkaki," akasema. "Sijapata kula nyama tamu kama hini. Wewe una moshi tu. Wenzio wajua kupika."

Mke wangu akanitazama. Sahani ya jirani huyo aliipeleka yeye mwenyewe, ikapokewa jikoni, mamake asione inakotoka. Ulimi uliniwasha. Lakini nikisema ule ulikuwa moyo, ataniambia nimemlisha chakula cha paka, na lile neno atalitapika pamoja na nyama.

"Mashallah," nikasema.

Akaingia jikoni, akajaza sahani vitumbua vyake, vile ambavyo mimi huvionja siku ya Idi tu.

"Mpelekee Bi jirani, umpe ahsante. Na umuulize alivyopika, upate kujifunza."

Mlango wa jirani uko palepale, lakini mimi nilizunguka mtaa mzima. Nikaketi kwenye baraza ya watu, sahani mapajani, nikala zile shukrani, kitumbua kimoja baada ya kingine, mpaka sahani ikabaki na mafuta. Vilikuwa vitamu ajabu, ila mpishi sikumtaja.

"Alhamdulillahi," nikasema.