Mwizi wa Flashi Yangu Harusini Mabanga

Mnicheke tu, kwani mimi mwenyewe nimeshajicheka. Jumamosi nilikuwa mpiga picha wa harusi huko Mabanga. Nilikuwa nimenunua flashi ya pili kwa duka la Mhindi, yenye jicho dogo linaloona mwanga wa flashi ya kamera na kuiwasha hii ya pili papo hapo, kabla mtu hajapepesa. Nilikuwa nimeringa nayo Kitale nzima.

Nje mawingu yalikuwa yanakusanyika. Katikati ya maombi flashi ikawaka, na mimi sijapiga picha. Bwana harusi akafumbua macho, akatabasamu. Ikawaka tena, wazee wakanyoosha tai. Nikamwona Wafula, mpiga picha mpinzani wangu kutoka Myanga, ameketi nyuma. Nikajua ni kamera yake inayowasha flashi yangu.

Nikamsimamisha pasta. "Wafula, ati unaniibia mwanga ndani ya kanisa? Toa hiyo kamera."

"Kamera gani, bana? Si mimi nimealikwa tu." Akasimama, mikono mitupu.

Hapo umeme wa radi ukamulika madirisha, na flashi yangu ikaitikia.

Nyanya wa bibi harusi akaniambia polepole, "Sasa kijana, mwizi wako yuko huko juu. Tuachie tumalize kumwomba, halafu umshtaki."