Safu Tuliyokataa Kuipaka Rangi

Harufu ya mbao zilizolowa grisi hunirudisha Kolwezi, kwenye migodi ya Kongo, papo hapo, hata nikiwa katikati ya mazungumzo na watu wenye heshima zao. Si mbao za kawaida. Ni mbao za yale magurudumu makubwa ambayo kampuni ya migodi ilizungushia nyaya za umeme. Nyaya zilipokwisha, gurudumu lilitupwa nyuma ya karakana, likanyeshewa, likakauka, likanyeshewa tena, na siku mtu alipolipasua kwa shoka lilitoa harufu ya lami, ya utomvu na ya mafuta ya mashine kwa pamoja. Mwaka ule nilikuwa darasa la tatu la sekondari, na harufu hiyo ilikuwa kwenye sketi yangu ya buluu, kwenye nywele zangu, hata kwenye mkate niliobeba shuleni. Mama alilalamika kwamba alizaa msichana na sasa analea seremala. Nilifurahi sana kuitwa hivyo.

Shule yetu ilikuwa ya serikali, na miaka ile kuwa ya serikali kulimaanisha kuwa ya mtu asiyejulikana anakoishi. Watoto wa kampuni walikuwa na shule zao zenye vioo madirishani, mapadri walikuwa na zao, sisi tulikuwa na paa la mabati na upepo. Mwalimu mkuu, ambaye kwetu huitwa prefe, alikuwa mwanamume mrefu mwenye suti moja ya kahawia na wazo moja ambalo hakuna aliyeweza kumtoa kichwani. Alikuwa ameona langoni mwa mgodi ukuta uliochorwa safu za rangi, safu zikipanda kadiri shaba inavyotoka chini, na wafanyakazi wote wakipita wanatazama. Akasema kama mawe yanaweza kufuatiliwa hivyo, watoto wa watu pia wanaweza. Akapaka chokaa ukuta wa mbele ya uwanja, akachora safu moja kwa kila darasa, na mwanzoni mwa mwaka kila darasa likasimama mbele ya shule nzima na kutaja jambo moja litakaloliboresha, ambalo yeye aliliita objectif, yaani lengo. Juu ya kila safu alichora mstari mweusi, na huo ndio ulikuwa mwisho wa safari. Sheria ya ukuta ilikuwa moja tu, naye aliirudia mpaka tukamwigiza nyuma ya vyoo kwa sauti yake ya puani: kinachohesabiwa ni kile mlichofanya wenyewe.

Darasa la tano walitaja imla ya Kifaransa. Darasa la pili walitaja kuchelewa, na wakachekwa. Sisi tulitaja mabenchi, kwa sababu wengi wetu tulikalia matofali na kuandikia magotini, na mwandiko wetu ulitambaa ukurasani kama siafu. Tulisema kila mwanafunzi wa darasa letu atakalia benchi kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Aliyetutia kichwani wazo hilo alikuwa Kapinga, rafiki yangu, msichana mwembamba mwenye viwiko vikali na kicheko cha kusikika hadi barabarani. Baba yake alikuwa seremala karakanani, akatupatia magurudumu yaliyotupwa, akatuonyesha Jumamosi namna ya kuyapasua, kupiga randa na kuunganisha miguu isiyumbe. Benchi la kwanza liliyumba hata hivyo. La pili likasimama, mimi na Kapinga tukalidai, na kila benchi lilipokamilika chifu wa darasa, yaani kiranja wetu, mvulana anayeitwa Mwansa, alipanda kwenye kiti akapandisha safu yetu kwa upana wa kiganja. Rangi ilikuwa ile nyekundu ya kuzuia kutu kwenye vyuma. Nimeona mambo mengi mazuri tangu wakati ule, lakini mengi hayafiki pale.

Mambo mengine yote yalikuwa yakishuka. Mgodi mkubwa ulikuwa umeporomoka chini kwa chini, mishahara ya kampuni ilichelewa kisha ikawa haiji, na unga wa mgao ukaacha kugawiwa. Njaa ilipoingia nyumbani kwa watu waliozoea kushiba, wakaanza kutafuta nani kaila shaba yao, na wanasiasa walikuwa tayari na jibu. Wakasema ni watu wa Kasai. Watu ambao babu zao waliletwa kujenga reli na kuchimba, ambao walizaliwa Kolwezi na kuzika Kolwezi, sasa waliitwa bilulu, wadudu, redioni na sokoni, mchana kweupe. Vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Familia ya Kapinga ilikuwa ya Kasai. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo, kama ambavyo sikuwa nimewahi kufikiria rangi ya macho yake.

Walitolewa nyumbani siku ya Jumapili. Nilimkuta stesheni, kwenye umati uliolala chini ya maturubai ukingoja treni za kwenda Tenke na kisha kaskazini, treni ambazo zilikuja zilipotaka. Moshi wa majiko ulichoma macho, watoto walikohoa, na mama yake alikuwa amekaa juu ya cherehani yake ili asiibiwe. Nilikuwa nimebeba sufuria ya wali. Kapinga alinitazama, akatazama wali, akacheka kicheko chake kilekile.

“Zaina, umeona?” akaniambia. “Objectif yetu imefika! Tukienda, sasa mutaikala muzuri. Hakuna tena mutu wa kukusukuma na kiwiko.”

Nilicheka naye. Tulicheka mpaka mama yake akatukemea, kisha nikalia, naye akanikasirikia kwa kulia. “Ulinde nafasi yangu,” akasema. “Usiache mutu aiikalie bure.” Nikamwahidi. Siku niliyorudi na sufuria nyingine, pale walipokuwa wamekaa palikuwa na familia nyingine.

Shule, iliyokuwa imefungwa kwa sababu ya vurugu, ilipofunguliwa tena, darasa letu lilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Wale wa matofali walibaki kwenye matofali yao, na mabenchi ya waliofukuzwa yalikaa wazi. Hakuna aliyepanga hivyo, ni kwamba hakuna aliyeweza kukaa pale. Ndipo Prefe akaingia na kopo la rangi. Alikuwa amekonda, suti ya kahawia ilimning'inia, na tulikuwa tumesikia kwamba inspekta wa wilaya anakuja kutazama ukuta wake, ambao ndio kitu pekee shuleni kilichokuwa bado kinapanda.

“Batoto,” akasema, “mambo ya inje si yetu. Shi bote tuko batu ba masomo. Objectif yenu ilikuwa nini? Kila mutoto aikale ku benchi. Basi, batu ba ku matofali baende ku mabenchi. Mwansa, shika rangi, upandishe mpaka ku mustari.”

Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa hasira, kwa maana ingekuwa rahisi kwangu angekuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuona kila kitu kinashuka, akatamani angalau safu moja iguse mstari, hata kama kilichoisukuma juu ni mateke ya vijana kwenye milango ya watu. Nilisikia sauti ya Kapinga stesheni, utani wake uleule, ila sasa mtu mzima alikuwa akiusema bila kucheka. Damu ilinipanda mpaka masikioni.

Mwansa alisimama. Sote tulijua kaka yake mkubwa, ambaye kwetu huitwa yaya, alikuwa miongoni mwa wale vijana waliopita nyumba kwa nyumba, na yeye alijua kwamba tunajua. Hakushika kopo. “Tata Prefe,” akasema, “ulitufundisha tuhesabu kile tu tulifanya shi benyewe. Hii ya kufukuza batu, bengine kati yetu balifanya kweli. Yaya yangu alifanya. Njo maana hatuwezi kuihesabu: tukiihesabu, tunasema ile kufukuza ilikuwa kazi yetu.” Kisha akaenda akakaa chini sakafuni, penye saruji iliyopasuka, akiwa na benchi lake zima nyuma ya mgongo. Nikamfuata. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, mpaka mabenchi yote tuliyoyatengeneza kwa mikono yetu yakawa hayana mtu. Prefe alitutazama, akaweka kopo dirishani, akatoka.

Inspekta alipofika alitukuta palepale sakafuni. Alikuwa mtu mnene mwenye leso, na mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango, kwa hiyo akaniuliza mimi ni adabu gani hii ya kukaa chini na viti vipo. Hapo nikamkumbuka baba yangu. Baba alikuwa Mwislamu wa Maniema, mwenye lori moja bovu lililoleta makaa na mihogo kutoka Mutshatsha, na kila jioni ya wiki zile alinirudia maneno yaleyale. “Zaina, sikia. Leo ni batu ba Kasai. Siku ingine bataanza kuuliza: na hawa ba Maniema, kwabo ni wapi? Ikala kimya.” Hakuwa mwoga, alikuwa na watoto. Nilijua kwamba neno moja mbele ya mtu wa serikali lingeweza kutupeleka sote stesheni, na lori, na Mama, na wadogo zangu.

“Hivi viti biko na benyewe, Tata Inspekta,” nikamjibu. “Shi tunabangojea.”

Alijifuta uso. Aliniuliza jina langu na la baba yangu, nikamtajia yote mawili kwa sauti ya kusikika darasa zima. Mwansa alivuliwa uchifu siku ileile, na darasa lote tukarudishwa nyumbani juma zima kwa utovu wa nidhamu. Tulitembea barabarani na madaftari yetu kichwani kama watu wanaotoka harusini. Nilikuwa na hofu, tena nyingi, lakini sikuwa na aibu hata kidogo.

Baba alisikia kabla sijafika. Nilimkuta ameinamia injini ya lori. Nilingoja mkanda. Akauliza, bila kuinuka, kama ni kweli nilimtajia mtu yule jina lake lote. Nikasema ni kweli. “Vizuri,” akasema. “Asikosee kuliandika.” Kisha akauliza safu yetu ilipungukiwa na nini kufikia mstari, nikamweleza. Safari yake iliyofuata aliporudi kutoka Mutshatsha, juu ya magunia ya makaa palikuwa na gurudumu zima la nyaya, ambalo alilipata kwa watu wa reli, sijui kwa maneno gani. Alilibingirisha uani kwetu, akaingia ndani kuswali.

Basi tukatengeneza mabenchi ambayo hakuna aliyeyahitaji. Majirani walituona wendawazimu. Darasa lilikuwa na nafasi tele, na sisi kila Jumamosi tulipasua, tulipiga randa, tuligonga misumari iliyonyooshwa kwa jiwe, tukiwatengenezea viti watoto ambao mji mzima ulikuwa umewafukuza. Hatukuacha mpaka pakawa na nafasi kwa kila aliyeanza mwaka pamoja nasi, aliyepo na asiyekuwepo. Siku hiyo ndipo watu wa matofali walipokubali kuinuka. Prefe alikuja mwenyewe na kopo, akamrudishia Mwansa brashi, akamshikilia kiti alichopanda kisiyumbe. Hakuomba radhi, na suti ile ikachafuka rangi nyekundu begani. Tuliugusa mstari mweusi kwa haki yetu.

Leo mimi mwenyewe ni prefe, katika shule ya serikali hapahapa Lualaba, mkoa wa Kolwezi, na kabati langu limejaa mipango ya uboreshaji yenye safu nzuri kuliko zile za chokaa. Mwaka jana alikuja kijana wa ofisini na kompyuta yake, akanipongeza. Lengo la kupunguza msongamano, akasema, shule yangu imelifikia kabla ya wakati, madarasa yamepungua wanafunzi vizuri sana. Ni kweli yalikuwa yamepungua. Mtaa wa jirani ulikuwa umebomolewa kwa ajili ya shimo jipya la mgodi, familia zimetawanyika, na wavulana wengi walikuwa kwenye mashimo ya kobalti wakibeba magunia. Nilimwambia kijana afute pongezi zake. “Uniambie kwanza batoto beko wapi,” nikasema. Akaniambia mashine haina pa kuandika jambo hilo. Nikamwambia basi hatujafika, na sikutia saini, na mpaka leo wananiandikia barua kali ambazo ninazisoma nikinywa chai.

Kapinga sikumwona tena. Nimeuliza kwa madereva, kwa wafanyabiashara wa Mwene-Ditu kule Kasai, kwa watu wa reli, na wengi hawajui, na wengine wananionea huruma ambayo siitaki. Lakini kila mwaka ninapoagiza mabenchi ninaongeza moja zaidi ya hesabu, nalo hukaa karibu na dirisha katika darasa la tatu. Kijana wa ofisini aliliona, akasema ni upotevu wa vifaa, akauliza ni la nani. Nikamwambia lina mwenyewe.